Nani Atakaza Nati Mara ya Pili?

Kila muhula unapofunguliwa, barabara zitokazo Kisumu hujaa mabasi ya shule ya rangi ya manjano. Mengine huelekea Maseno na Luanda, mengine Ahero na Katito, mengine huzunguka ghuba hadi Kendu Bay, Homa Bay na Mbita. Mzazi asimamaye kando ya barabara hutazama jina la shule lililoandikwa ubavuni na labda mwendo wa dereva. Sijapata kumwona mzazi atazamaye nati za magurudumu. Wala mimi sikuwa nazitazama hadi siku ambayo nitaisimulia hapa, ingawa kuisimulia kunanitia haya.

Nilikuwa mwalimu mlezi wa kwaya katika shule moja ya upande huu wa ziwa. Siku ya Ijumaa basi letu lilifungwa matairi manne mapya ya nyuma katika karakana moja mjini. Mwalimu mkuu alikuwa ameyapigania matairi hayo mbele ya bodi kwa mwaka mzima, nasi tuliyafurahia kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Mimi ndimi niliyetumwa kulipa. Nilimwuliza fundi iwapo nati zilikuwa zimekazwa vyema. Akaigonga moja kwa spana, ikalia, akasema, "Hii imekaza, mwalimu. Haitoki hata ikiambiwa itoke." Nikatia sahihi risiti.

Jumamosi alfajiri tukashika njia ya Kericho kwenda kwenye mashindano ya muziki. Tulipopita Nyamasaria, dereva alisikia mgongano mdogo nyuma ya basi, ko, ko, ko, akadhani ni jiwe lililonasa baina ya matairi pacha. Watoto walikuwa wakiimba, na sauti ile ikamezwa na wimbo. Hatujafika Ahero, gurudumu la nje la nyuma, upande wa kushoto, likachomoka. Lilitupita kana kwamba lina safari yake lenyewe, likatoka barabarani, likapita baina ya mama aliyekuwa akipanga nyanya zake na mtoto wake mdogo aliyeketishwa juu ya gunia, likaishia katika shamba la mpunga. Kati ya mama na mtoto palikuwa na nafasi ya hatua tatu hivi.

Hakuumia mtu. Basi lilisimama likiegemea gurudumu la ndani lililobaki. Yule mama hakutugombeza. Alimchukua mwanawe, akaja polepole hadi mlangoni mwa basi, akauliza kwa Kiluo tulikuwa na watoto wangapi humo ndani. Nilimjibu kwamba walikuwa arubaini na wawili. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye nyanya zake.

Jumatatu kesi ilisikizwa ofisini mwa mwalimu mkuu. Dereva alimlaumu fundi. Fundi alimlaumu dereva, akisema kwamba gari liliondoka kwake likiwa zima na kwamba risiti ilitiwa sahihi. Utingo alilaumiwa na wote wawili, maana ndiye mdogo wao. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa sahihi ilikuwa yangu. Tuliketi saa mbili nzima, na katika saa hizo mbili hakuna aliyeuliza swali moja tu lililostahili kuulizwa: nani alipaswa kuzikaza nati hizo mara ya pili?

Yamkini msomaji atashangaa. Mara ya pili ya nini, ikiwa zilikazwa mara ya kwanza? Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu, na ndipo ninapowaomba walimu wa fizikia wanisaidie kusema, kwani jambo hili limo ndani ya vitabu vyao, nao hulifundisha kila mwaka bila kulitoa darasani na kulipeleka uwanjani lilikoegeshwa basi.

Wengi wetu hudhani kwamba bolti za gurudumu hulibeba gari kama msumari unavyobeba picha ukutani. Sivyo. Nati inapokazwa, bolti huvutika na kurefuka kwa kipimo kidogo mno, sehemu tu ya milimita. Kama springi iliyovutwa, bolti hutaka kurudi katika urefu wake wa awali, na katika kutaka kurudi huibana rimu dhidi ya habu, yaani kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Mbano huo huzaa msuguano, na msuguano ndio ubebao mzigo. Maadamu mbano upo, rimu na habu huwa kama chuma kimoja. Mbano ukilegea, rimu huanza kucheza, na bolti ambazo hazikuundwa kupigwapigwa kutoka ubavuni huanza kupigwa kila gurudumu linapozunguka, hadi zichoke na kukatika.

Mwanafunzi yeyote wa fizikia aijua sheria ya Robert Hooke, yule Mwingereza aliyeichapisha mwaka wa 1678: kadiri springi inavyorefuka ndivyo nguvu yake ya kuvuta inavyoongezeka. Basi na afanye hesabu hii. Tuseme bolti imerefuka kwa sehemu mbili za kumi za milimita. Tuseme pia kwamba kati ya rimu na habu pamebaki utando wa rangi mpya, kutu na ule udongo mweusi wa Kano uliokauka, jumla yake sehemu moja ya kumi ya milimita. Gari linapokwenda, likipanda matuta na kuingia mashimo, utando huo husagika na kutoweka. Bolti imepoteza nusu ya mvutano wake, na gurudumu limepoteza nusu ya mbano, ilhali nati haijazunguka hata kidogo. Fundi hakudanganya aliposema kwamba imekaza. Ilikuwa imekaza Ijumaa.

Isitoshe, rimu ikishaanza kucheza, nati nayo huanza kujifungua. Mwaka wa 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa majaribio kwamba kinachofungua nati zaidi ni mtikisiko wa kwenda upande huu na upande ule, kuliko ule wa kuvuta na kuachia kwa urefu wa bolti. Huo ndio mtikisiko hasa apatao rimu iliyolegea. Mdharau mwiba mguu huota tende, na hapa mwiba wenyewe hauonekani.

Ndiposa watengenezaji wengi wa magari na wa magurudumu hushauri kwamba nati zipimwe na kukazwa tena baada ya gari kutembea kilomita 50 hadi 100 tangu gurudumu lilipofungwa. Kwa mtu wa Kisumu, huo ni mwendo wa kufika Bondo na kuendelea kidogo. Lakini nani kati yetu aliyefika Bondo akateremka na spana mkononi? Fundi yuko Kisumu, na mteja ameshaondoka. Dereva huamini kwamba kazi ya fundi imekwisha, na fundi huamini kwamba gari sasa ni la dereva. Baina ya imani hizo mbili ndimo gurudumu linamochomoka.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni rahisi: fundi na akaze kwa nguvu zaidi mara ya kwanza. Dawa hii ni sumu, na tena ndiyo inayotumika sana mitaani. Kila kipimo kina kadiri yake. Kwa magari mengi madogo ya Toyota, Probox ikiwa miongoni mwao, kadiri hiyo ni yapata nyutoni-mita 103. Sasa mchukue kijana wa kilo 60 asimame kwenye ncha ya spana ya nusu mita, kama tuonavyo kila siku. Uzito wake ni nyutoni 600, zidisha kwa nusu mita, upate 300. Ameikaza nati karibu mara tatu ya kadiri yake. Kwa mabasi na malori yenye bolti nene za milimita 22, kipimo cha kawaida ni yapata 600. Fundi wa kilo 90 akiunganisha bomba la mita moja na nusu na kulikalia kwa uzito wake wote, amefikia 1350. Akilirukia, Mungu ndiye ajuaye.

Bolti iliyovutwa kupita kikomo chake cha unyumbufu hairudi tena. Inabaki imerefuka, haina tena nguvu ya springi, na siku moja itakatika bila taarifa. Vivyo hivyo kwa wale wapakao grisi kwenye nyuzi za bolti za gari dogo ili nati iingie kwa ulaini. Grisi hupunguza msuguano wa nyuzi, na nguvu ile ile ya mkono huvuta bolti kuliko ilivyokusudiwa. Na ile mashine ya upepo ambayo hulia kwa fahari katika karakana kubwa haiachi kukaza ati kwa sababu kipimo kimefika. Huacha pale kidole cha fundi kinapochoka. Yafaa kwa kufungulia na kwa kuanzia kazi, lakini kipimo cha mwisho ni cha spana yenye kupima, ile inayotoa mlio ifikapo namba uliyoiweka. Nimezunguka karakana nyingi za mji huu, na spana hiyo nimeiona mara chache mno. Nyingine ilikuwa imefungiwa kabatini isiibwe.

Nisieleweke kwamba ninawadharau mafundi wa jua kali. Wamebeba usafiri wa eneo hili zima mabegani mwao, wengi bila kufunzwa na mtu ila kwa macho yao wenyewe, nao huamka kabla yetu. Asiyelipwa kwa kukaza mara ya pili hatakaza mara ya pili. Mteja mwenyewe humsimamia kichwani akitazama saa, akimwambia kwamba abiria wanangoja. Ukienda vituo vya Siaya na Homa Bay utaziona Probox zikiondoka na abiria ambao hata kuwahesabu ni vigumu, wengine wameketi kwenye buti. Uzito wote huo umeshikiliwa na nati nne au tano kila pembe. Mwenye gari hiyo akiambiwa arudi baada ya kilomita hamsini, atacheka.

Kuna jambo jingine ambalo lilihusu basi letu, nami nililijua baadaye sana. Malori na mabasi mengi ya Kijapani ya mtindo wa zamani, yenye matairi pacha nyuma, yana nati mbili kwa kila bolti: ya ndani hushika gurudumu la ndani, na ya nje hufungwa juu yake kushika gurudumu la nje. Hutaweza kuikaza ile ya ndani bila kuilegeza kwanza ile ya nje. Mwenye haraka huikaza ya nje peke yake, akasikia imekaza, akaondoka, ilhali ya ndani imelegea chini yake. Tena katika magari hayo nyuzi za upande wa kushoto zimegeuzwa, nati hufungwa kwa kuzungushwa kinyume cha ilivyozoeleka. Fundi mgeni aweza kuitesa nati hiyo kwa dakika kumi akidhani anaifungua kumbe anaikaza.

Wajapani wenyewe hawajaepuka janga hili, nao ndio waliotuuzia sehemu kubwa ya magari yetu. Huko, kila majira ya baridi yanapokaribia, malori hubadilishwa matairi ili yafungwe yale ya theluji, na kila mwaka, wiki chache baada ya hapo, magurudumu huanza kuchomoka barabarani. Katika mwaka wa serikali wa 2022 wizara yao ya uchukuzi ilihesabu visa 140 vya magari makubwa, idadi kubwa kabisa ikiwa ya magurudumu ya nyuma upande wa kushoto. Wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, na huo ndio upande wa mtembea kwa miguu, wa muuza nyanya, wa mtoto aliyeketi kwenye gunia. Nchi ile ina spana za kupimia zisizo na idadi. Jambo lililowashinda ni lile lile lililotushinda sisi ofisini mwa mwalimu mkuu, yaani kukaza tena baada ya kutembea.

Hata hivyo, haki inanilazimu niongeze kisa kimoja kinachopingana kidogo na hoja yangu. Tarehe 10 Januari 2002, katika mji wa Yokohama, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka likamwua mama mmoja aliyekuwa akitembea na wanawe wawili. Kampuni ilisema kwamba mwenye lori hakulitunza ipasavyo. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 2004, ilikiri kwamba habu zenyewe zilikuwa na kasoro ya uundaji, nayo ikalazimika kuyaita magari irekebishe. Kwa hiyo si kila gurudumu lichomokalo ni kosa la mkono wa fundi, na mwenye nguvu hupenda lawama itue kwa mnyonge. Lakini angalia pia kwamba mwenye kumbukumbu zilizoandikwa, zinazoonyesha ni lini alikaza na kwa kipimo gani, ana la kujitetea nalo. Sisi siku ile tulikuwa na risiti tu.

Serikali imefanya yake. Kanuni za mwaka wa 2004, zile ambazo wananchi walizibandika jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, zilituletea mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hudai kwamba gari liwe katika hali ya kufaa barabarani, na ukaguzi wa magari ya umma upo. Lakini mkaguzi hulitazama gari siku moja, na matairi hubadilishwa siku nyingine. Hakuna afisa atakayekuwa Ahero saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuisikiliza ko, ko, ko ya basi lako. Kazi hii haiwezi kutoka nje ya lango la shule.

Nionavyo mimi, kila shule yenye basi ingekuwa na spana ya kupimia ambayo ni mali ya shule, kama ilivyo mizani ya maabara. Ukilinganisha gharama yake na ya seti nzima ya matairi ya basi, hakuna bodi ambayo ingekosa la kuielewa. Ingekuwa na daftari pia, lenye safu chache tu: tarehe ya kufungwa gurudumu, kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, kipimo kilichotumika, na tarehe na kilomita za kukaza mara ya pili, na sahihi ya aliyekaza. Safu ya pili isipojazwa, basi halibebi mtoto. Safari ya kwanza baada ya matairi mapya ingekuwa ya dereva peke yake, kwenda na kurudi, kabla ya safari ya kwaya. Fundi naye angelipwa ada ndogo ya kurudiwa, ikiandikwa kwenye risiti ile ile, ili iwe kazi yenye ujira badala ya fadhila.

Na daftari hilo lingeshikwa na nani? Hapa ndipo ninapopendekeza jambo ambalo wenzangu kadhaa walilicheka nilipolitaja katika chumba cha walimu. Lingeshikwa na darasa. Mwalimu afundishaye momenti ya kani ana basi uwanjani, nalo ni zana ya kufundishia kuliko rula na uzi wa maabara. Wanafunzi wa sekondari ya msingi wana somo la maandalizi ya ufundi, nao waweza kufundishwa kusugua habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae kabla rimu haijarudishwa, kuzungusha nati kwa mkono kwanza, kisha kuzikaza kwa kuvukavuka, ya juu halafu ya chini, ya kushoto halafu ya kulia, wala si kwa kufuatana kama shanga, ili rimu ikae sawa. Waweza kupiga mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu, ili siku nati itakapogeuka hata kidogo mstari uvunjike na yeyote apitaye auone. Mstari huo hauwezi kufichua ule mvutano uliopotea kimyakimya, kwa hiyo haufuti kazi ya spana, lakini ule mgongano wa Nyamasaria ungeonekana kwa macho kabla haujasikika kwa masikio. Wanafunzi wa ufundi wa magari katika Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kisumu, nao, wangepata pa kufanyia mazoezi shule zinapofungwa.

Mwenzangu mmoja aliniuliza iwapo si hatari kumpa mtoto kazi ya kulinda maisha ya watoto wengine. Nilimjibu kwamba mtoto hatakaza nati. Atakaza dereva, mbele ya mwalimu mwenye zamu, na mtoto ataandika namba. Mtoto akiandika namba huwa mkali kuliko mkaguzi yeyote. Mwalimu aliyewahi kukosea kujumlisha alama ubaoni analijua hilo.

Lile basi letu lilirudishwa barabarani baada ya siku tisa, likiwa na bolti mpya upande wa kushoto. Dereva yule yule aliliendesha hadi alipostaafu. Tangu siku ile, kila lilipofungwa tairi, alikuwa akisimama Awasi bila kuambiwa, akazima injini, akateremka na bomba lake la mita moja, akalizunguka basi huku sisi tukingoja. Mara ya kwanza watoto walinung'unika kwamba tutachelewa. Mara ya pili waliteremka wakamzunguka, na mmoja wao, msichana wa sauti ya tatu, akaanza kuzihesabu nati kwa sauti.